Je, mume wangu anatuletea mionzi nyumbani?

*Shikamoo daktari. Mume wangu ana miaka minne katika kazi ya kupiga picha za mabomba na matangi kwa mionzi, ili ionekane kama waliochomelea wamechomelea sawasawa. Hukaa saiti wiki tatu, kisha hurudi kwetu Morogoro wiki moja. Nina mimba ya miezi mitano na tuna mtoto wa miaka 3. Majuzi nikipanga nguo zake niliona karatasi ya vipimo vya beji yake: 0.3, 0.4, 0.2, halafu mara ya mwisho 6.8 mSv. Nilipombana akasema kuna siku, miezi minane iliyopita, "chanzo kiligoma kurudi ndani", ila mambo yaliisha salama. Tangu hapo silali. Mama yangu amekuja kunisaidia, na ameamuru ovaroli zake zifuliwe kwenye beseni la peke yake, na mtoto asipakatwe na baba yake mpaka zipite siku tatu na aoge maji ya chumvi. Beji yenyewe anaitundika kwenye msumari chumbani, na mtoto amewahi kuitia mdomoni. Jirani ananiambia mtoto wa tumboni atazaliwa na kasoro, heri niitoe mapema. Nimeanza kumwogopa mume wangu mwenyewe. Tupimwe wote?*

Marahaba, dada yangu. Mimi si daktari wa hospitali. Ni mtu wa kinga ya mionzi, kazi yangu imekuwa kukagua vyumba vya eksirei na kamera za viwandani, lakini swali lako linanihusu hasa.

Nianze na lile linalokunyima usingizi. Mtoto apakatwe na baba yake leo hii, na mumeo alale kitandani kwake. Mionzi iliyompiga kazini haikubaki mwilini mwake. Haimo katika jasho lake, haimo katika mbegu zake, wala haimo katika ile ovaroli. Beseni la peke yake endelea nalo ukipenda, kwa sababu ya grisi.

Nasema hivyo bila kusitasita kwa kuwa umenitajia kazi anayoifanya. Angekuwa katika kazi nyingine mbili tatu nitakazozitaja mbele, ningekujibu kwa tahadhari zaidi. Na hata katika kazi yake lipo jambo moja ambalo mimi ningekuwa wewe ningelifuatilia, nalo halimo katika swali lako. Tutalifikia.

Sehemu ya hofu hii imeletwa na lugha. Tunasema "kuna mionzi", "ana mionzi", na neno hilo moja tunalibebesha vitu viwili. Mchukue mvuvi aliyeshinda baharini. Jua limemchoma mpaka ngozi ya mabega inabambuka. Jioni akimnyanyua mwanawe, mtoto haungui, maana jua lilimpiga baba na likaishia kwake. Ila mchanga ulio miguuni mwa baba huyohuyo unaingia naye ndani, unafika mkekani, na usipofagiliwa unafika hadi kwenye sahani. Mionzi ni lile jua. Vumbi au maji yenye kutoa mionzi ndiyo mchanga. Aliyepigwa na mionzi hakuwa chanzo cha mionzi. Aliyepakwa kitu chenye kutoa mionzi, huyo anakibeba anakokwenda, na huyo ndiye mwenye kuhitaji beseni la peke yake.

Kwa hiyo kila ukisikia "fulani anafanya kazi ya mionzi", swali la kwanza ni: anafanya kazi juani au mchangani?

Anayepiga eksirei hospitalini yuko juani, tena jua lenye swichi. Mashine ile ni umeme mtupu, na ikizimwa hakuna kinachobaki chumbani, si ukutani wala kwenye shuka la mgonjwa. Nimeona wafagizi wakikataa kuingia chumba cha eksirei usiku, mashine imezimwa na plagi imechomolewa. Wasiingie tu kama hawajalipwa posho yao, lakini mionzi haipo.

Mumeo naye yuko juani, ila jua lake halina swichi. Ndani ya kile kifaa wanachokiita kamera mna kidonge cha chuma cha pua, kidogo kama punje ya maharage, na ndani ya kidonge vipande vya madini ya iridiamu-192. Kidonge hicho, ndicho "chanzo" alichokutajia mumeo, kimefungwa kwa kuchomelewa. Kinakaa katikati ya gogo zito la urani hafifu au metali nyingine nzito inayokula mionzi, ndiyo maana kamera ndogo kama kikapu cha sokoni inamuuma mtu mgongo. Wakitaka kupiga picha wanafunga filamu kwenye kiungio cha bomba, wanarudi mbali, wanazungusha mpini, na kebo inakisukuma kidonge kupitia mpira mrefu hadi kwenye bomba. Muda ukitimia wanazungusha kinyume, kidonge kinarudi kitandani kwake. Iridiamu haizimwi. Inafichwa tu.

Kidonge hicho hakiachi kitu mkononi kwa sababu ni chuma kilichozibwa. Hata hivyo vidonge hivi hupanguswa kwa pamba au kitambaa na pamba hiyo ikapimwa, kwa kawaida kila baada ya miezi 6, kuona kama kimeanza kuvuja. Kisipovuja, ovaroli ya mumeo na ovaroli ya fundi magari ni nguo moja.

Walio mchangani ni wengine. Anayetayarisha dawa za mionzi katika idara ya tiba ya nyuklia, kama iliyopo Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, anashika kimiminika, na tone linaweza kuruka likatua kwenye kiatu. Huyo anapimwa mikono na nguo kabla ya kutoka, na mita ya kupimia mionzi ikilia anarudi kwenye sinki. Mgonjwa aliyenyweshwa iyodini-131 kwa ajili ya tezi ya shingo naye hupewa masharti ya nyumbani, kama kukaa mbali na watoto wadogo na wajawazito kwa siku kadhaa na kulala peke yake, na masharti hayo yafuatwe kwelikweli, maana iyodini hiyo inatoka kwa mkojo, mate na jasho, na nguvu yake hupungua kwa nusu kila siku 8. Na yuko mchimbaji. Shinkolobwe, kule Katanga nchini Kongo, ndiko ilikotoka sehemu kubwa ya urani ya mabomu ya Marekani ya 1945. Mgodi ule ulifungwa miaka mingi iliyopita, lakini wachimbaji wadogo waliurudia kutafuta kobalti na shaba mpaka sehemu yake ikaporomoka mwaka 2004. Mke wa mchimbaji wa namna ile angeniuliza habari ya beseni, ningemwambia ndiyo, mama, na nguo zikung'utwe nje, na mumeo aoge kabla ya kushika mtoto. Mama yako, kwa hiyo, hakusema upuuzi. Amechukua ushauri wa mchimbaji akampa mpiga picha. Maji ya chumvi tu ndiyo sijui ameyatoa wapi.

Sasa lile jambo ambalo hukuuliza.

Februari 1999, huko Yanango nchini Peru, fundi wa kuchomelea kwenye kituo cha umeme wa maji aliona kidude cha chuma chini, akakiokota, akakitia mfuko wa nyuma wa suruali. Kilikuwa chanzo cha iridiamu-192 kilichochomoka kwenye kamera. Akaendelea na kazi kwa saa kadhaa. Paja likaanza kumuuma. Aliyemwona alidhani ameumwa na mdudu. Akarudi nyumbani na suruali ileile. Alipoivua, mkewe akaikalia kwa dakika chache. Usiku huo watu wa kazini wakaja kukitafuta. Fundi yule alipoteza mguu wa kulia, na mkewe akapata kidonda kiunoni.

Hadithi hiyo ndiyo inayoogopwa na kila mke wa mpiga picha, hata kama hajawahi kuisikia. Lakini tazama kilichomwumiza yule mama. Kidonge kilikuwa mfukoni. Kilipotolewa, suruali ilibaki suruali, na mumewe, pamoja na kuungua vibaya vile, hakuwa hatari kwa mtu yeyote aliyemshika.

Morocco, mwaka 1984, mambo yalikuwa mabaya zaidi. Karibu na Mohammedia chanzo cha namna hiyohiyo kilikatika kwenye kebo, hakuna aliyepima kama kimerudi, kikadondoka chini. Mpita njia akakiona kinang'aa, akakipeleka kwake. Watu 8 walikufa, yeye, familia yake na jamaa. Kwa wiki kadhaa ilidhaniwa ni sumu, na mionzi ilikuja kushukiwa baada ya wa mwisho katika familia ile kufa. Misri nako, mwaka 2000, kijijini Meet Halfa, mkulima aliokota chanzo cha iridiamu akakiweka nyumbani, na alikufa yeye na mwanawe.

Sikusimulii haya nikuongezee homa. Angalia njia. Katika visa vyote vitatu mionzi haikuingia nyumbani kwa shati, kwa jasho, wala kwa kitanda. Iliingia kwa mlango mmoja tu, yaani kidonge chenyewe kilibebwa. Na kilibebwa kwa kuwa siku hiyo, baada ya kuzungusha mpini, hakuna aliyechukua mita akasogelea kamera kuhakikisha kimerudi. Basi hofu yako iondoe kwenye ovaroli uipeleke kwenye mita.

(Goiânia, Brazil, 1987, huwa inatajwa sana katika mazungumzo haya, nayo ni kisa cha aina nyingine. Kile kilikuwa chanzo cha sesiamu-137 kutoka kliniki iliyohamwa. Ndani yake mlikuwa na unga wa chumvi ya sesiamu, si chuma. Waokota vyuma walikipasua, unga ukang'aa buluu gizani, watu wakajipaka, msichana wa miaka 6 akala chakula kwa mikono yenye unga ule. Walikufa watu 4 na 249 walikutwa wamechafuka. Huo ulikuwa mchanga hasa. Iridiamu ya mumeo haisagiki hivyo.)

Tuje kwenye karatasi. Hizo herufi mSv ni milisiveti, kipimo cha mionzi iliyomfikia mtu. Kila binadamu hupata kama milisiveti 2.4 kwa mwaka, wastani wa dunia, kutoka ardhini, angani, kwenye mawe ya nyumba na kwenye chakula. CT skani ya tumbo inakupa kama 8 hadi 10 kwa mara moja. Mfanyakazi wa mionzi anawekewa ukomo wa wastani wa 20 kwa mwaka. Vipimo vinne vya mumeo, kama ni vya miezi mitatu mitatu, jumla yake ni 7.7. Yuko ndani ya ukomo. Kuugua kwa mionzi, yaani kutapika, damu kushuka, nywele kunyonyoka, ni habari ya dozi ya ghafla ya milisiveti 1,000 na kuendelea.

Sitakuambia 6.8 si kitu. Ukitoka 0.2 ukaruka hadi 6.8, kuna kilichotokea, na kampuni yenye adabu inakaa na mfanyakazi, inachunguza, inaandika. Kwa makadirio yanayotumika kimataifa, watu 10,000 wakipata dozi kama hiyo kila mmoja, huenda 3 au 4 kati yao wakafa maishani kwa saratani ambayo wasingeipata, juu ya mamia mengi watakaokufa kwa saratani hata hivyo. Ni ongezeko dogo, lakini lipo. Utafiti wa wafanyakazi wa nyuklia zaidi ya 300,000 wa Ufaransa, Uingereza na Marekani umeonyesha kuwa hata dozi ndogondogo zikijumlika miaka mingi zina uzito wake. Ndiyo maana tunahangaika na beji.

Lakini namba hiyo inaweza kuwa na maana mbili. Ya kwanza ni kwamba kweli alizipata siku chanzo kilipogoma. Fanya hesabu nami. Chanzo cha terabekereli 1, yaani bekereli trilioni moja (bekereli ni kipimo cha nguvu ya chanzo), nguvu ya kawaida kwa kazi hizi, ukisimama mita 1 kinakupa kama milisiveti 130 kwa saa, kwa hiyo dakika 3 zinatosha kukupa 6.8. Ukisimama mita 10, mionzi imepungua mara 100, na 6.8 ileile ingekuchukua saa 5. Kwa hiyo 6.8 inalingana na mtu aliyekurupuka mbele kwa dakika chache, au kikosi kilichofanya kazi kwa mpangilio: kurudi nyuma, kuzungushia kamba, kuita msimamizi, kukifunika chanzo kwa mifuko ya madini ya risasi na kukirudisha kwa koleo ndefu kwa zamu. Hizo ni siku mbili tofauti sana, na namba ni moja. Mumeo anajua ilikuwa ipi.

Maana ya pili ni ya kuchekesha kidogo. Huenda hakuzipata kabisa. Beji ikisahauliwa garini juu ya kasha la kamera, inaendelea kuandika. Sheria za usafirishaji zinaruhusu hadi milisiveti 2 kwa saa kwenye uso wa kasha, hivyo beji iliyolala juu ya kasha la namna hiyo kwa saa tatu na nusu inaweza kusoma 7 wakati mwenyewe yuko mgahawani anakula wali maharage. Nimewahi kuona karatasi iliyomtisha kila mtu ofisini, kumbe beji ilisafiri na kamera Dar hadi Mwanza kwenye mfuko wa koti, na mwenye koti alipanda basi.

Hapo ndipo msumari wako wa chumbani unapoingia. Beji si chanzo cha mionzi. Ndani yake mna vijiwe vidogo, mara nyingi vya lithiamu, vinavyohifadhi athari ya mionzi inayovipiga. Maabara vikipashwa moto vinatoa mwanga kidogo, na wingi wa mwanga ndio unaosomwa. Ni kama kipimamvua. Kipimamvua hakinyeshi. Mwanao kuitia mdomoni hakumwongezea chochote zaidi ya jasho la baba yake. Kwa Tanzania beji husomwa na Tume ya Nguvu za Atomiki, na waajiri huzirudisha huko kwa vipindi.

Ila beji haina kazi chumbani kwako. Inatakiwa ibaki kazini, kwenye ubao, mbali na kamera, pamoja na beji moja isiyovaliwa na mtu ambayo kazi yake ni kuandika mionzi ya kawaida ya mahali pale ili itolewe kwenye hesabu. Beji inayokuja Morogoro kila mwezi inachanganya hesabu ya mumeo, na siku akipata ajali ya kweli ataulizwa maswali asiyoweza kuyajibu. Na ukisikia kuwa waajiri wanawaachia beji wazunguke nazo, hapo nami napata shaka na mengine yanavyosimamiwa.

Kuhusu mimba. Wewe hukupigwa na chochote. Dozi ya mtoto aliye tumboni kutokana na kazi ya baba yake ni sifuri. Jirani anazungumzia kitu kingine, kwamba mbegu ya baba iliharibika kabla. Swali hilo si la kijinga. Limeulizwa na watu wazima wenye vyeo. Baada ya mabomu ya Hiroshima na Nagasaki, watoto zaidi ya 75,000 waliozaliwa baadaye na wazazi walionusurika walichunguzwa na kufuatiliwa miaka na miaka, na baadhi ya wazazi hao walipata dozi ambazo 6.8 mbele yake ni tone. Ongezeko la wazi la kasoro halikuonekana. Waliodhurika walikuwa wale waliokuwa tumboni mabomu yalipolipuka, mama zao wakapigwa moja kwa moja. Ndiyo sababu mwanamke mwenye mimba anayefanya kazi ya mionzi mwenyewe huwekewa ukomo wake, milisiveti 1 kwa mtoto tangu atoe taarifa.

Uingereza nako, kijiji cha Seascale jirani na kiwanda cha nyuklia cha Sellafield kiliwahi kuwa na watoto wengi wenye leukemia, yaani saratani ya damu, kuliko ilivyotarajiwa. Mwaka 1990 Martin Gardner na wenzake wakaandika kuwa huenda ni dozi walizopata baba zao kabla ya watoto kutungwa. Fikiria nyumba za pale zilivyokuwa wiki ile, mwanamume anarudi kutoka zamu na mkewe anamtazama kama unavyomtazama wako. Familia mbili zikaenda mahakamani. Mwaka 1993 jaji akaona ushahidi hautoshi, na tafiti zilizofuata katika wafanyakazi wengine hazikuithibitisha dhana ile.

Na kuhusu kuitoa, nakuomba usimsikilize huyo mtu hata mara moja zaidi. Ugiriki, baada ya ajali ya kinu cha nyuklia cha Chernobyl mwaka 1986, dozi iliyowafikia watu ilikuwa kama milisiveti 1. Madaktari wa huko wenyewe walikuja kukadiria kwamba mimba kama 2,500, zilizokuwa zinatakiwa na wenyewe, zilitolewa kwa hofu. Hudhuria kliniki yako kama kawaida, fanya ultrasaundi inapopangwa, meza vidonge vya damu. Hakuna kipimo cha ziada cha mionzi unachohitaji wewe wala mtoto wako wa miaka 3, na atakayekuuzia "dawa ya kuondoa mionzi" anauza hofu yako. Vidonge vya iyodini havina kazi hapa, vimetengenezwa kwa ajili ya iyodini ya mionzi tu. Maziwa, ambayo kila fundi wa kuchomelea na kila mtu wa eksirei nchini huambiwa anywe "kusafisha mwili", ni chakula kizuri na hayasafishi mionzi. Kuna mwajiri mmoja niliyemkuta akigawa pakiti za maziwa kila Ijumaa, wakati mita yake ya kupimia ilikuwa haijapelekwa kurekebishwa kwa miaka miwili.

Mumeo pia hana haja ya kupimwa damu kwa ajili ya 6.8. Hesabu ya kawaida ya damu haitaona kitu, na hata kipimo cha kuangalia kromosomu huanza kuwa na la kusema kwenye milisiveti 100 hivi. Kinachomfaa ni karatasi. Ana haki ya kupewa kumbukumbu ya dozi zake zote za miaka minne, na taarifa ya maandishi ya tukio lile, na akiacha kazi kumbukumbu hizo zimfuate aendako.

Kama unataka kumpima mume wako kwa namna nyingine, kila mtu ana mionzi kidogo mwilini, ya potasiamu inayotoka kwenye chakula, bekereli elfu nne na ushee kwa mtu mzima. Wewe unayo, mama yako anayo, jirani anayo. Ndizi zina potasiamu nyingi. Kama mionzi hiyo ingeua, Bukoba na Moshi pangekuwa mahame.

Atakaporudi tena kutoka saiti, usimpokee kwa karatasi mlangoni. Wanaume wa saiti wakibanwa husema "mambo yaliisha salama" wakabaki hapo. Akishakula, muulize maswali ya kazi, kama fundi anavyomuuliza fundi. Siku ile chanzo kilipogoma, nani aligundua, kwa mita au kwa macho? Alisimama umbali gani, dakika ngapi? Beji ilikuwa kifuani au garini? Kila baada ya picha anaisogelea kamera na mita mkononi, hata mvua ikinyesha, hata bosi akihimiza? Ana kile kipimo kinachopiga kelele mionzi ikizidi, zaidi ya beji? Na kamera inalala wapi kazi ikiisha usiku, kwenye stoo yenye kufuli na alama, au kwenye gari lililoegeshwa nje ya gesti? Hilo la mwisho ndilo ningelisisitiza kuliko yote. Kamera isifike nyumbani kwenu kamwe, hata kwa saa moja, hata gari la kazi likipita njia hiyo. Akijibu haya bila kubabaika, ana mwalimu mzuri. Akibabaika kwenye mita, mwambie namba za Tume zipo, na taarifa ya mfanyakazi hupokelewa.

Mama yako mpe nafasi naye amuulize. Mwache mumeo amwonyeshe kwa tochi na unga wa sembe, tochi kwanza, kisha unga mkononi. Nimefanya hivyo mara nyingi kwa wakwe wa watu, na unga hueleweka haraka kuliko mimi.